Mpishi Asiyeonja

Mtaa wetu wa Kamunyonge ulimwita Mpishi, na mimi sitamwongezea jina. Ukitaka kujua alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, kawaulize wanawe. Mimi sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilichokijua ni mikono yake, pua yake na maneno yake, kwa sababu kwa miaka kumi na minne ukuta mmoja tu ulitenganisha cherehani yangu na jiko lake, na harufu haijui ukuta.

Alikuwa Mzanaki wa Butiama, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na ujana wake wote aliumalizia katika jiko la familia moja ya Kigujarati hapa Musoma mjini. Aliyemfundisha alikuwa mama wa nyumba ile, bibi mfupi ambaye watu wote, wanawe na wafanyakazi, walimwita Ba. Ba alizeeka, wanawe wakahamia ng'ambo mmoja baada ya mwingine, mwishowe wakamchukua na yeye. Siku ya kuondoka alimwachia Mpishi kopo lake la viungo, kopo la bati la duara lenye vikopo saba vidogo ndani. Mwingine angelitumia kuwekea misumari. Yeye alilibeba mpaka nyumbani, akajenga jiko la pili uani, na kila Jumapili akaendelea kupika chakula kilekile kana kwamba Ba yuko chumba cha pili anasubiri.

Sahani yenyewe ilikuwa hivi. Dali ya mbaazi zilizokobolewa, nyepesi, yenye sukari guru, ukwaju na punje chache za karanga. Viazi vikavu vya manjano vyenye haradali. Biringanya. Kadhi, yaani mtindi uliochemshwa na unga wa dengu kidogo. Wali kiasi, achari ya embe pembeni, na chapati nyembamba sana ambazo alizitupa juu ya makaa zikavimba kama shavu la mtoto anayepuliza puto, kisha akazipaka samli. Nyama haikuwepo, na kitunguu wala saumu havikuwepo, kwa kuwa Ba hakula vitu hivyo. Samaki usimtaje kabisa. Na hii ni Musoma, mji ambao hata paka wake wanachagua samaki.

Mke wake, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa na jiko lake mwenyewe upande wa pili wa ua, na humo dagaa na sato waliingia bila kubisha hodi. Majiko mawili, nyumba moja. Mwiko wa huku haukuvuka kwenda kule. Nilipohamia pale Bibi alinipa taarifa ya hali ya nyumba kwa sentensi moja.

"Mzee wangu alinioa mimi, mama, lakini yeye kaolewa na Wahindi."

Mwanaume wa Kizanaki wa umri ule kushika mwiko nyumbani kwake ni jambo la kuchekwa, na alichekwa. Wazee wenzake walimtania kwamba avae kanga basi. Yeye aliwajibu kwamba atavaa wakishamaliza kula, na kwa kuwa walikuwa wameshika chapati zake mkononi wakati wa kusema hayo, utani ulikuwa unaishia hapo.

Jumapili akitoka misa alioga upya, ingawa alikuwa ameoga kabla ya misa. Alivaa fulana nyeupe iliyofuliwa, akavua viatu mlangoni pa jiko, akaingia peku. Mtu mwenye viatu hakuvuka kizingiti kile, hata mwenyekiti wa mtaa, ambaye siku moja alikuja na tangazo la usafi akalisomea nje kwenye jua. Saa hakuwa nayo. Muda aliupima kwa sala. Haradali ikishaanza kupasuka kwenye mafuta, alisema Salamu Maria moja kwa sauti ya kawaida, si haraka, si taratibu, na kwenye "amina" alitupia majani ya mchuzi. Mbaazi zilichukua rozari nzima, na kama kuni zilikuwa mbichi aliongeza Litania. Nilimuuliza kama Ba naye alikuwa anasali hivyo. Akasema Ba alikuwa na sala zake, ila urefu ni uleule.

Sasa nifike kwenye kuonja. Mpishi hakuonja. Hakuchovya kidole, hakulamba mwiko, hakuweka tone kiganjani kama tunavyofanya sisi wote. Kwa Ba, chakula kinapikwa kwanza kwa ajili ya Mungu, na ukikionja kabla hujamtengea sehemu yake umemgeuza Mungu kuwa mla makombo. Kwa hiyo chakula kikiiva, Mpishi alichukua kipande cha jani la mgomba, akaweka kidogo cha kila kitu, akalipeleka kwenye kona ya ua, akafanya ishara ya msalaba, ndipo sisi wengine tukaruhusiwa kufikiria njaa zetu. Jani lile liliishia kwa kuku.

"Mungu wa mzee ana manyoya," Bibi alisema.

Katekista mmoja alisikia habari za jani akaja kumhoji kama anatambika. Mpishi alimkaribisha, akamlisha, kisha akamuuliza, "Wewe kabla ya kula unafanyaga nini?" Katekista akasema anasali. "Basi wewe unasali kwa mdomo, mimi nasali kwa kijiko." Sijui kama jibu hilo lingepita kwa paroko, lakini katekista aliongezwa kadhi akaenda zake.

Mwaka wangu wa kwanza pale nilikuwa naingia jikoni kwake kumsaidia kusukuma chapati. Yeye hakuniomba, ni mimi nilijipeleka, maana nilichoka kusikia harufu bila kuona. Jumapili ya tatu nilikoroga dali, nikaona imekaa vizuri, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukapeleka mwiko mdomoni. Nimezaliwa Mugeta, nimepika tangu nina miaka saba, na tangu miaka saba nimelamba mwiko. Mpishi aliniona. Hakupiga kelele. Aliipua sufuria, akalifunika, akanipa mikononi na vitambaa vyake.

"Hii sasa ni ya kwako, fundi. Wewe umeshakula, sisi bado."

Aliniita fundi kwa ajili ya cherehani. Nilibeba sufuria zima mpaka kwangu, wanangu wakala dali siku mbili, na yeye akaanza upya kuosha mbaazi. Siku ile nyumba yake ilikula saa kumi jioni. Bibi alinipungia mkono juu ya ukuta akicheka mpaka anashika kiuno.

Niliona aibu wiki nzima, halafu nikakasirika. Jumapili iliyofuata nikamuuliza, kama haonji, anajuaje chumvi? Akasema anaisikia kwa pua. Nikamwambia chumvi haina harufu, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mlevi.

"Chumvi haina harufu. Lakini chakula kisicho na chumvi kina harufu yake. Kinanuka ubichi, kinanuka majani ya ng'ombe. Ukitia kidogo kidogo ile harufu inarudi nyuma. Ikishaondoka, acha. Kabla ya hapo, kinadai."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Inadai. Dali inadai, kadhi inadai, viazi havidai tena. Alinipa vibakuli viwili vya dali, kimoja chenye chumvi na kingine bila, akanifunga macho kwa kitambaa cha jikoni, akaniambia ninuse mvuke. Nilikosea. Nilikosea miezi, na nikikosea alisema, "Samaki mkunje angali mbichi. Wewe umeshakauka, lakini tutakukunja hivyohivyo." Kusifia hakujua kabisa. Siku niliyopatia mara tano mfululizo alisema tu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akanituma kuchota maji kweli.

Basi kuna siku kutoonja kwake kulitaka kuniua. Mdogo wangu alikuwa anaposwa, kule nyumbani Mugeta, na wakwe walikuwa wanakuja kumalizia mambo. Mimi kwa majivuno yangu nikamwomba Mpishi aje awapikie kile chakula, pamoja na ugali na mbuzi ambao mama yangu angewaandaa. Nilitaka kuonyesha kwamba dada wa bibi harusi anaishi mjini. Mpishi alikubali, akabeba kopo la Ba mapajani toka Musoma. Alipika vizuri kuliko siku zote. Hata samli ilitoka kwa ng'ombe wa baba.

Chakula kikawekwa. Mzee wa upande wa mume, mrefu, fimbo mkononi, akaangalia dali ya manjano, akaangalia kadhi, hakunyoosha mkono.

"Mpishi wa hivi ni nani?"

"Ni mimi," Mpishi akasema.

"Vizuri. Kwetu anayepika anaonjaga kwanza, ndiyo na sisi tunakula. Onja."

"Sionjagi."

"Hauonjagi?"

"Sijawahi."

Kule kwetu mwenye kukukaribisha anaonja mbele yako ili moyo wako utulie. Asiyetaka kuonja ana lake jambo. Watu wote walirudisha mikono magotini. Mama yangu alinitazama kana kwamba nimemleta mchawi kwa miguu yangu mwenyewe. Nyuma ya mlango nilimsikia mdogo wangu akianza kulia, na nilimwelewa, maana posa imevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Nilimfuata Mpishi nikamnong'oneza, kijiko kimoja tu, Mzee, kwa ajili yangu. Akasema hapana. Nilimchukia dakika ile, nasema ukweli.

Kisha akauliza kama kuna mgomba karibu. Akaletewa jani. Akachukua kidogo cha kila kitu, pamoja na ugali, akaenda kuweka kwenye nguzo ya zizi, akarudi akamwambia mzee mwenye fimbo, "Wewe ni mkubwa hapa. Sali." Yule mzee akasita, lakini kukataa kusali mbele za watu ni vigumu, akasali, tena kirefu. Baada ya "amina" Mpishi alikaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu ya mzee, akajipakulia sahani nzima, akala. Alikula bila haraka. Alimaliza dali, akafuta sahani kwa chapati, akala na chapati.

"Kabla ya Mungu sionjagi," akasema. "Baada ya Mungu nakula kuliko nyie."

"Tungoje kidogo tumwangalie," mzee akawaambia wenzake.

Wakamwangalia. Mpishi akacheua. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na mzee akanyoosha sahani yake. "Nipe hiyo ya manjano." Mdogo wangu sasa ameolewa Bunda na ana watoto wawili, na yule mzee kila akiniona huuliza kama mtu wa manjano hajambo.

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Siku za mnada alikwenda Bunda, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, na wote tulijua anakwenda kula mbuzi wa kuchoma. Alirudi na harufu ya moshi na mafuta mpaka kwenye masikio. Siku hizo hakugusa jiko lake. Alinawa na ndimu, akasukutua, akasema, "Leo mdomo una mbuzi," akakaa upande wa Bibi kama mgeni. Alikuwa na majivuno. Wapika pilau wa harusini aliwaita wachemsha mchele. Alidanganya kuhusu mvuje, ile gundi inayonuka ambayo bila hiyo dali si dali. Alisema aliletewa zamani na Ba ikabaki, kumbe alinunua duka moja la mjini na hakutaka tulijue duka.

Na alilalamika kwamba hakuna anayetaka kujifunza. Hili lilinichekesha na kuniudhi pamoja, kwa sababu kila aliyetaka alimfukuza. Mwanaye mkubwa aliniambia alifukuzwa jikoni akiwa na miaka kumi na mbili kwa kuingia na mikono iliyoshika mpira. Binti yake alifukuzwa kwa kuimba. Mimi nilibaki kwa sababu mgongo wangu ni mgumu, na kwa sababu nilileta mtindi. Mtindi wa kwetu Mugeta, uliogandia kwenye kibuyu, ndio pekee aliokubali kwa kadhi. Wa mjini alisema una haraka.

Kadhi, Bibi aliiita uji wenye homa ya manjano. Lakini kulikuwa na chakula kimoja kilichowapatanisha. Ba alijua kupika mkate wa uwele, unaokandwa kwa viganja na kuokwa juu ya chuma, unaliwa na biringanya, samli na kipande cha sukari guru. Mpishi aliufanya kwa unga wa mtama na uwele kutoka Butiama. Siku ya mkate ule Bibi alivuka ua mwenyewe, akavua ndara mlangoni bila kuambiwa, akakaa.

Na Bibi alikuwa na tabia moja ambayo naomba muikumbuke. Kila Jumapili, akishameza tonge la kwanza la chakula cha mumewe, aliinua macho na kusema, "Hivi nyumba hii haina chumvi?" Aliyekuwa karibu aliinuka akaleta kibakuli cha chumvi, kikawekwa mbele yake. Hakukigusa hata siku moja. Mpishi aliguna, Bibi akaendelea kula, kibakuli kikarudishwa kilivyokuja. Mara za mwanzo nilidhani ni ugomvi. Ilikuwa kinyume chake, ndivyo alivyosifia.

Mjukuu wa Ba alikuja kumtafuta. Msichana wa kisasa, mgongoni begi, Kiswahili chake cha kuokoteza. Aliuliza sokoni habari za mpishi wa bibi yake, akaletwa mpaka mlangoni, na alivua viatu kabla hajaambiwa. Mpishi alimtazama miguu, akamkubali. Msichana alianza na dali. Alipofika kwenye kadhi akaweka kijiko chini akalia, si kidogo, mpaka Bibi akampa upindo wa kanga yake.

"Nyumbani hakuna mtu anajua hii tena," alisema. "Mama ananunua ya kwenye boksi."

"Ya kwenye boksi?" Mpishi akauliza.

Msichana akatoa simu, akarekodi kila kitu, akawa anauliza vijiko vingapi vya hiki, vingapi vya kile. Mpishi alijitahidi, maskini. Kwenye chumvi akasema, "Mpaka iache kudai," na msichana akaandika hivyo. Msichana alipoondoka, Mpishi alikaa kwenye kizingiti muda mrefu, kopo magotini. Niliuliza kama amechoka. "Nilidhani nawatunzia tu," akasema. "Kumbe imebaki huku peke yake. Nikifa mimi, imekwisha." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia hofu kwenye sauti yake, na kuanzia siku hiyo hakunifukuza tena jikoni, hata nilipostahili.

Kisha akaugua. Mafua makali na homa, majuma matatu kitandani. Alipoinuka alikuwa amekonda lakini akaoga, akavaa fulana, akaingia jikoni. Dali ya Jumapili ile ilikuwa kama maji ya ziwa. Nilifikiri ni uchovu. Jumapili iliyofuata ilikuwa na chumvi kama maji yaliyolowekwa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Nilimeza nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa anakula. Alikula mpaka mwisho, akafuta mdomo. Chumvi hakuiulizia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumapili ya tatu nilisimama naye jikoni. Jira, ile bizari nyembamba, ilikuwa kwenye mafuta. Ikabadilika rangi, ikawa kahawia, ikawa nyeusi, moshi ukapanda mpaka mimi nakohoa, na yeye ameinama juu yake kabisa, uso ndani ya moshi, anasubiri. Mtu huyu ambaye zamani alipiga kelele kupitia ukutani, "Fundi, maharage yako yanaungua!" kabla mimi mwenyewe sijajua.

"Mzee, imeungua," nikasema.

Aliipua. Akaiweka chini.

"Pua imekufa, fundi. Na ulimi umeifuata. Bibi ameacha kuulizia chumvi, ndiyo nikajua. Usimwambie."

Nikaahidi. Jioni ileile Bibi akaniita kwenye ukuta akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu hasikii harufu tena. Usimwambie kwamba najua." Nikaahidi na huko. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni kwenye shingo, nikalazimika kufumua.

Aliacha kupika. Alisema moshi unamsumbua. Jumapili zikapita, ua ule ukanuka dagaa peke yake, na sikuwahi kudhani nitachoka na harufu ya dagaa. Halafu mwanaye mkubwa akaja kuwachukua wakaishi naye Butiama. Jiko la pili likafungwa kufuli. Mpishi aliondoka na kopo tu mapajani, kama alivyokwenda nalo Mugeta.

Nilimpigia simu mara kwa mara, akajibu hajambo, Bibi hajambo, mahindi hayajambo. Ilipita nusu mwaka. Alhamisi moja akapiga yeye.

"Fundi, Jumapili una kazi?"

"Nina nguo za kipaimara, Mzee."

"Ziache. Njoo na mtindi wa kwenu."

Nilifika Butiama asubuhi, mtindi nimeubeba kama mtoto. Nyumba ya mwanaye ni nzuri, ina jiko la gesi, lakini Mpishi alikuwa amewasha makaa nyuma ya nyumba chini ya kibanda cha bati. Nilimwamkia. Alikuwa mdogo ndani ya fulana yake. Mbaazi zilikuwa zimeshaoshwa. Alikalia kigoda karibu na mlango, akanielekeza kwa kidevu.

"Leo unapika wewe. Mimi nakaa."

Nikavua viatu. Nilipika mbaazi, nikazipekecha, nikatia ukwaju na sukari guru. Kila chenye sauti alikiongoza. Haradali ilipoanza kupasuka tulisema Salamu Maria pamoja, na kwenye "amina" akasema, "Majani," na nilikuwa nimeshayatupa. "Masikio bado mazima," akasema. Unga aliubonyeza kwa kidole akakubali. Chapati ya kwanza ilivimba, ya pili ilivimba.

Kisha chumvi. Chumvi haina sauti.

Nilitia kiasi, nikakoroga. Mpishi aliinuka kwenye kigoda, akachukua mwiko mkononi mwangu, akachota dali, akaipuliza ipoe, akaninyooshea mdomoni.

"Onja."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mzee?"

"Onja, nimesema. Mimi nitajuaje? Mungu atatusamehe mara moja."

Dali ikadondoka kwenye kidole chake. Na mimi niliyeadhibiwa kwa mwiko ule, niliyesubiri miaka yote mtu anipe ruhusa, nikaona siwezi. Niliusukuma mkono wake pembeni taratibu. Nikainama juu ya sufuria, nikafumba macho, nikanusa mvuke. Ukwaju ulikuja, tangawizi ikaja, sukari guru ikaja, na chini yake, mbali kidogo, majani ya ng'ombe.

"Inadai," nikasema.

 Akamwaga chini dali iliyopoa mwikoni, akausuuza mwiko, akanirudishia.

"Kiasi gani, Mzee?"

"Unaniuliza mimi?"

Nikatia. Nikanusa. Nikatia tena, punje tu, nikanusa, ubichi ukaondoka. Machozi yalikuwa yananitoka na nikasogea mbali na sufuria yasije yakaongeza chumvi. Nikatenga sehemu ya kwanza kwenye jani, nikaipeleka kwenye kona ya ua. Kuku wa Butiama hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo, walikuwa wananisubiri.

Tulikaa kwenye mkeka, mimi, Mpishi, Bibi, mwanaye na mkewe. Mpishi alipakuliwa lakini hakugusa sahani. Mikono yake ilikuwa magotini. Alikuwa anamtazama Bibi usoni, na mimi namtazama Bibi usoni, na Bibi, ambaye alijua anatazamwa, akakata chapati kwa madaha yake yote, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akaangalia mbali kidogo, upande wa migomba.

"Hivi nyumba hii haina chumvi?"

Mkwe wake, maskini, alishtuka akaomba radhi, akakimbia ndani kuileta. Kibakuli kikawekwa mbele ya Bibi. Bibi akakisogeza pembeni kwa kiwiko ili apate nafasi ya sahani, akachukua chapati ya pili.

Mpishi aliguna. Akalisukuma kopo la Ba juu ya mkeka mpaka likagusa goti langu, halafu akanawa mikono, akaanza kula.